Sindano Haikumjua Mama Yule: Juu ya Safari ya Kigoma na Maneno Yaliyofuata



Somo letu linatoka katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27 yote na mwanzo wa sura ya 28. Tunawaomba mlisome nyumbani kabla ya kuendelea, na pamoja nalo mlango wa kwanza wa nabii Yona, kwa maana Yona ametajwa sana katika mji wetu majuma haya, na ametajwa vibaya.

Ninyi nyote mnajua kwamba mwezi wa tano uliopita kundi la waimbaji na wazee wachache walitoka Kalemie kwenda kuwatembelea ndugu zetu wa ng'ambo, kule Kigoma. Mnajua pia kwamba boti ilipotea njia usiku, na kwamba Mungu aliirudisha. Lakini yako maneno mengine yaliyorudi pamoja na boti ile, na sisi tunaoandika tulikuwa ndani yake, tukayasikia tangu neno la kwanza. Tulinyamaza. Siku ya Yenga tatu zimepita tukipanda mimbari na kushuka bila kuyagusa. Leo tunayagusa.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Kutoka Kalemie mpaka Kigoma ni kilometa zaidi ya 120, na njia yake haiendi moja kwa moja mashariki kama wengi wanavyodhani. Kwa kuwa Kigoma iko ng'ambo, mtu husema, basi tunakata ziwa. Sivyo. Tanganyika ni ziwa refu, kama kilometa 670 toka kichwa mpaka mkia, lakini upana wake ni kama kilometa 50 tu. Anayetoka Kalemie kwenda Kigoma anapanda kaskazini, akiinama kidogo tu upande wa mashariki: digrii kama 22. Tafadhali mshike hesabu hiyo, tutairudia.

Tulitoka saa kumi na mbili ya jioni. Tuliomba, tukaimba, mota ikawaka. Saa moja hivi mawingu yakafunika mbingu na manyunyu yakaanza. Waimbaji walikuwa na bafle yao, ile kubwa mpya ambayo kanisa zima liliichangia, na waliogopa isilowe. Palikuwa na nafasi moja tu yenye paa, kibanda cha nahodha. Wakaiingiza pale, wakaifunika kwa kitenge, wakaisukuma karibu na dira. Hakuna aliyefikiri neno baya. Hata nahodha alishukuru, akapata mahali pa kuwekea kikombe chake.

Kwa saa mbili tulikwenda gizani. Hatukuona nyota wala taa ya pwani, na nahodha alifuata sindano tu. Yapata saa tatu mawingu yakapasuka upande wa kusini, na baba mmoja mvuvi, mzee ambaye amelala usiku mwingi juu ya maji kuliko katika kitanda chake, akainua kichwa akatazama. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba nahodha, kusini imehamia wapi?"

Nahodha akacheka, akasema, "Mzee, kusini iko nyuma yetu, dira inasema hivyo."

Mzee akasema, "Basi dira yako na Mungu hawakusikilizana leo. Tazama Msalaba."

Mwezi wa tano, saa ile ya usiku, Msalaba wa Kusini unasimama wima kabisa, na chini ya mguu wake ndiko kusini. Kwa safari ya kwenda Kigoma ungepaswa kuwa nyuma yetu, juu ya bega la kuume. Tukauona umehamia mbali zaidi, karibu na ubavu wa boti. Maana yake tulikuwa tunakwenda mashariki kupita kiasi, kuelekea pwani ya mawe na misitu isiyo na taa, mbali kusini mwa Kigoma, na mafuta ya mota yalipimwa kwa njia ya Kigoma peke yake.

Hapo ndipo neno liliposemwa. Katika boti alikuwamo mama mmoja mjane wa parokia yetu. Alipanda wa mwisho, na kikapu kilichofunikwa, na hakuimba sana kwa sababu alikuwa na kichwa kinauma. Sauti moja katika giza ikasema kwamba safari kama hii haipotei bure. Sauti ya pili ikamtaja Yona. Sauti ya tatu haikutaja mtu, lakini watu wote wakageuza shingo upande mmoja. Na ninyi mnajua yaliyofuata tuliporudi: kwenye bomba la maji wanawake wanampisha, sokoni watu wanapita meza yake ya dagaa bila kuuliza bei, na watoto wake wamerudi kutoka masomoni wakilia.

Ndugu, sasa tuzungumze juu ya dira, ambayo wengi wetu kwa desturi ya Kifaransa tunaiita busole. Mwatuvumilie kama tutakwenda taratibu, maana ni vibaya kuhukumu mtu kwa kitu tusichokijua.

Ndani ya dira hamna roho wala dawa. Mna sindano ya chuma cha pua iliyogeuzwa kuwa sumaku, imekaa juu ya ncha kali ili izunguke bila kushikwa. Mara nyingi imewekwa ndani ya kimiminiko, mafuta mepesi au alkoholi, ili isitetemeke ovyo wakati boti inarukaruka. Hiyo ndiyo yote. Vijana wanaweza kujitengenezea yao: wachukue sindano ya kushonea, waisugue juu ya sumaku ya redio iliyokufa, mara nyingi na kwa upande mmoja tu, waiweke juu ya jani kavu, na jani juu ya maji katika sahani. Itajigeuza yenyewe na kulala kaskazini na kusini. Wachina walijua jambo hili mapema sana. Mtaalamu wao Shen Kuo aliliandika mwaka 1088, na aliona hata kwamba sindano haionyeshi kaskazini kamili bali inakwepa kidogo.

Nani anaivuta? Watu wa zamani walisema ni nyota ya kaskazini, na wengine walisema uko mlima mkubwa wa sumaku mwisho wa dunia. Mwaka 1600 mganga mmoja Mwingereza, William Gilbert, akaandika kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Leo wataalamu wanajua kwamba chini yetu, kilometa kama 2,900 kwenda ndani, iko bahari ya chuma kilichoyeyuka kwa moto, nayo inazunguka na kuchemka, na katika mwendo wake inazaa nguvu ile ya sumaku inayofunika dunia yote. Sisi tunalima juu yake, tunazika wafu wetu juu yake, tunajenga makanisa juu yake, wala hatuisikii.

Lakini nguvu hiyo, ingawa inafunika dunia, ni dhaifu sana mahali mtu alipo. Sumaku ndogo ya kuchezea, ukiishika mkononi, inaishinda kwa mbali. Ndiyo sababu hata kisu, ufunguo mkubwa, simu au mota vikiwekwa karibu vinaweza kuipotosha sindano. Mabaharia walilipa sana kujifunza hilo. Matthew Flinders, aliyezunguka Australia miaka ya 1801 hadi 1803, aliona kwamba chuma cha meli yake mwenyewe kinavuta dira yake, na hata leo kipande cha chuma kinachowekwa kando ya dira za meli ili kurekebisha kosa hilo kinaitwa kwa jina lake. Na hapa kwetu, wale waliokaa Goma wanajua mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa kila mahali. Mawe ya namna hiyo yana chembe za chuma zenye sumaku ndani yake, na mtu akiweka dira juu ya jiwe kama hilo inaweza kumwonyesha njia isiyo njia.

Na bafle je? Kijana yeyote fundi wa redio atawaambia: nyuma ya kila bafle, pale katikati, imefungwa sumaku nene, kwa maana bila sumaku hakuna sauti. Bafle kubwa, sumaku kubwa.

Tuliporudi Kalemie hatukutaka kubaki na maneno tu. Tuliomba nahodha atuletee dira yake, tukaiweka juu ya meza katika uwanja wa parokia, mbele ya wazee, waimbaji na yule baba mvuvi. Tukamwomba pia mama mjane aje, akaja. Tulimwomba aketi karibu na meza na kikapu chake kilekile. Sindano haikutikisika. Akaweka mkono juu ya meza, haikutikisika. Alitutazama tu, na sisi tukatazama chini, kwa sababu tulikuwa tumemfanyia mama wa watu wazima mtihani ambao hatukumfanyia mwanakondoo wa Pasaka.

Kisha tukaileta bafle. Hatua nne mbali, sindano imelala palepale. Hatua mbili, ikaanza kama mtu anayeamshwa. Tulipoisogeza mpaka ukingoni mwa meza, kama ilivyokaa kibandani, sindano ikageuka upande wa kuume, digrii kama 30, ikasimama hapo imetulia kabisa. Hapo ndipo waimbaji walipopiga kelele. Hilo ndilo jambo la kuogopesha, ndugu. Tungedhani dira iliyopotoshwa itazungukazunguka kama mlevi, ili mtu ajue. Hapana. Ilitulia. Ilionyesha uongo kwa utulivu uleule inaoonyesha kweli.

Wataalamu wanasema nguvu ya sumaku namna hiyo inashuka upesi: ukiisogeza mara mbili ya umbali, inapungua mara nane, mara tatu ya umbali, mara ishirini na saba. Ndiyo sababu hatua chache zilikuwa tofauti ya Kigoma na mawe.

Mkitaka hesabu, ni hii. Digrii moja ya kosa, katika kilometa 60, inakutupa kilometa moja pembeni; mtu anaweza kuisamehe. Digrii 30 haisameheki: kila kilometa mbili unazokwenda, umekwisha kutoka kilometa moja nje ya njia yako. Sisi tulikwenda saa mbili kwa mwendo wa kilometa 10 kwa saa. Basi tulikuwa kilometa 10 mahali tusipostahili kuwa, tukiimba nyimbo za Mungu.

Na sindano, ilitenda kosa gani? Tumeulizana sana. Haikuvunjika wala kuasi. Ilifanya kazi moja iliyoumbwa kwayo, kufuata nguvu inayoifikia. Nguvu ya dunia nzima ilikuwapo usiku ule, haikuzimika hata dakika moja. Ila kitu kidogo kilichokaa karibu kilisema kwa sauti kubwa kuliko kitu kikubwa kilichokaa mbali. Na kitu hicho hakikuwa kiovu. Ilikuwa bafle ya kanisa, tuliyoibariki sisi wenyewe kwa maombi na maji. Kama ingekuwa chupa ya pombe iliyotupoteza, mahubiri haya yangekuwa rahisi, na pengine mngeyasahau kabla ya chakula. Mtu anayeogopa mabaya anaweza kuyaweka mbali. Lakini nani anachunguza mahali pa kitu kizuri? Wako kati yetu wanaoshika cheo cha kanisa karibu na moyo kuliko Bwana wa kanisa. Sisi wenye kuandika ni wa kwanza: tulipenda amani ya mkutano, tusigombane na mtu, na amani ile ilikaa karibu nasi mno mpaka tukaacha kusikia kilio cha mjane.

Wengine walisema bafle itupwe ziwani. Hapana, bafle ina kazi yake. Usiku ule kijana mmoja aliibeba mpaka nyuma kabisa ya boti, na tukaona kwa macho yetu sindano ikirudi pole pole mahali pake. Hakuna aliyeifundisha kurudi.

Hapa tuseme neno moja pembeni, kwa sababu vijana wameuliza. Katika ofisi ya parokia iko dira ndogo iliyotoka Ulaya zamani, na sindano yake inakwaruza kioo, haizunguki vizuri. Wengine wamesema ni mbovu. Si mbovu. Kule Ulaya nguvu ya dunia inaivuta ncha ya kaskazini kwenda chini, hivyo mafundi wa huko huweka uzito kidogo upande wa kusini ili sindano ilale sawa. Sisi tuko ng'ambo nyingine: ule mstari ambapo sindano inalala sawa bila msaada unapita kaskazini ya nchi yetu, na huku kwetu ni ncha ya kusini inayovutwa chini. Uzito uliowekwa kwa ajili ya Ulaya, huku kwetu unazidi kuikandamiza. Wazee wetu waliopokea Injili wangecheka kusikia hayo, maana ndiyo waliyoyasema tangu zamani: nguvu inayovuta ni moja kwa mataifa yote, lakini uzito mwingine ulikuwa wa kwao waliotuletea. Mtu mwenye akili hatupi dira. Anaangalia uzito.

Na wasije wengine wakafanya dira kuwa Mungu. Hata ikiwa haina chuma karibu, haionyeshi kaskazini kamili, bali ncha ya sumaku ya dunia, nayo inahama. James Clark Ross aliifikia mwaka 1831 kaskazini mwa Kanada. Tangu hapo imetembea, imevuka bahari ya barafu kuelekea Siberia. Huko mwisho wa Afrika, Wareno wa miaka ya 1500 waliita rasi moja Agulhas, yaani Sindano, kwa sababu wakati ule dira ilionyesha pale kaskazini kamili. Leo katika pande hizo inakosea kama digrii 25. Kwa bahati, kwenye ziwa letu tofauti hiyo ni ndogo sana. Lakini yule baba mvuvi, asiyejua kusoma, alituokoa kwa kuwa alikuwa na shahidi wa pili. Torati inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya neno kuthibitishwa. Kwa njia ya boti tulipata wawili, sindano na Msalaba, na walipopingana tukatafuta sababu. Kwa mama yule hatukutafuta hata mmoja.

Turudi katika Matendo. Paulo alikuwa ndani ya meli, mmoja wa watu 276. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota, na dira ilikuwa haijajulikana kwao. Usiku wa kumi na nne walikuwa bado wanasukumwa. Tafuteni katika sura ile yote kama Paulo alitafuta mchawi kati ya watu 276. Aliwaambia wale chakula, maana watakihitaji. Kisha wakafika Malta, nyoka akamshika Paulo mkono, na wenyeji wakasema mara moja kwamba huyu ni mwuaji, haki haimwachi. Waliona jambo la kweli: nyoka alikuwapo, na mkono ulikuwapo. Lakini maana waliyoitoa ilikuwa uongo. Kitambo kidogo wakageuka wakasema ni mungu, nayo ikawa uongo mwingine. Sisi ni watu wa Malta, ndugu. Boti ilipotea kweli, na mama alikuwapo kweli, tukaunganisha mambo mawili kwa kamba ya hofu.

Na Yona, mnayemtaja? Yona alijitaja mwenyewe. Wale mabaharia walimwuliza, akakiri kwa kinywa chake kwamba anamkimbia Mungu. Hata hivyo, watu wale wasiomjua Mungu wa Israeli walipiga makasia kwa nguvu zote wairudishe meli pwani, ili wasimtupe. Someni mstari wa 13. Wapagani walipiga makasia kumwokoa mtu mwenye hatia. Sisi tuliobatizwa hatukupiga hata kasia moja kwa mtu asiye na hatia.

Wazee watatu walikwenda nyumbani kwa mama yule juma lililopita. Alitukaribisha, akatupa viti na maji ya kunywa. Tulipomaliza kusema, aliuliza jambo moja: kama ile dira ingekuwa haikupatikana, tungekwenda kwake? Hatukumjibu. Hakusema kwamba ametusamehe, wala hakusema kwamba hatarudi kanisani. Alisema watoto wanahitaji kwanza kurudi masomoni bila kutupiwa maneno njiani.

Kwa hiyo wale wote waliolitamka jina lake, kwenye boti, kwenye bomba au sokoni, na wale waliolisikia wakanyamaza kama sisi, wafike parokiani siku ya nne, saa tisa ya mchana. Tutatembea pamoja mpaka nyumbani kwake, mchana, kwa njia ya soko ili watu waone. Wazee watatangulia kuomba msamaha, kisha waimbaji. Kila mtu anunue dagaa kwenye meza yake wakati wa kurudi, na alipe bei anayoitaja. Bafle itabaki parokiani.